Programu Isiyomgusa Mtoto

Hapa Free Area ukisema "Mwalimu" bila kuongeza neno, watu wanajua unamsema nani. Walimu wengine wana majina. Yeye alikuwa Mwalimu tu, hata kwa sisi ambao hakutufundisha chochote cha darasani. Nilimjua alipokuwa amekwisha kustaafu, na kazi niliyomwona akiifanya ni moja: kutengeneza zile picha zinazopita kwenye skrini wakati wa mazishi. Marehemu akiwa na sare ya shule, marehemu akikata keki ya harusi, marehemu ameshika mjukuu, huku kwaya inaimba na watu wanatafuta leso. Wenyewe tunaziita slaidi. Kanisa lilimpa kazi hiyo kwa sababu alikuwa na laptop na hakuwa na mzee wa kupikia, maana mume wake alikuwa ametangulia. Mchungaji aliyasema hayo mbele yake, na Mwalimu akamjibu kwamba sababu zote mbili ni za kweli lakini moja tu ndiyo ya kusemwa kanisani.

Mimi nina saiba, duka dogo la kompyuta, karibu na barabara ya kuingilia estate. Nachapa ratiba za mazishi, natoa kopi, nafunika vyeti kwa plastiki. Siku ya kwanza alikuja na picha moja ndani ya bahasha, bahasha ndani ya Biblia, Biblia ndani ya kiondo. Alitaka iingizwe kwenye kompyuta. Nilipoinua mfuniko wa skana akanishika mkono, akauliza kama ile taa haitamchoma. Nikamwambia ni mwanga tu, Mwalimu. Akaniambia hata jua ni mwanga tu. Hapo nikajua nimepata mteja wa kunizeesha.

Ilikuwa picha ya mtoto wa kike ambaye hajafika umri wa shule, amesimama kando ya mahindi, amevaa gumbuti za njano zilizomzidi miguu. Anacheka mdomo wazi. Jino moja la mbele halipo, alilivunja alipoanguka kwenye ngazi ya jikoni. Mkono wake wa kulia umefifia, kwa sababu aliutikisa wakati ule ule mpiga picha alipobonyeza. Ni binti yake. Homa ya mapafu ilimchukua kabla mvua za mwaka ule hazijaisha, na hiyo ndiyo picha pekee aliyowahi kupigwa.

Alizikwa siku ile ile, jinsi watoto wadogo wanavyozikwa: watu wachache, wimbo mmoja, jembe, basi. Hakuna aliyesimama kusema marehemu alikuwa mtu wa namna gani, kwa maana watu huona mtoto hajawa mtu wa namna yoyote. "Hakuna aliyemwonyesha," Mwalimu aliniambia. Aliwaonyesha wafu wa watu wote wa hapa, wa kanisa lake na wa makanisa mengine, na wa kwake hajaonyeshwa. Alichotaka ni kidogo: siku moja binti yake akae kwenye skrini mbele za watu, vizuri, na yeye mama yake awe mmoja wa wanaotazama. Na alikuwa anakimbizana na wakati, kwa sababu daktari alikuwa ameshamwambia kwamba presha ya macho ikianza kufunga mlango haifungui tena.

Unaweza kuuliza, picha moja inahitaji programu ya nini? Nami nilimuuliza. Akasema kila mtu aliyemwonyesha alipita kwenye programu, akiingia na kutoka kwa heshima, na yeye hataki wake aonyeshwe kama picha ya kitambulisho. Kwa hiyo kila programu ya kutengeneza slaidi iliyoingia hapa mjini, ya kununua, ya bure, ya kompyuta, ya simu, ilipitia kwa huyo mtoto kwanza. Mwalimu alikuwa anaketi kwenye mashine ya pembeni, anaweka ile picha, anakunja mikono, anatazama. Programu ikimtikisa mtoto, anaifunga. Ikimkata gumbuti ili ijaze skrini, anaifunga. Ikianza kumsogelea uso polepole bila kuambiwa, jinsi nyingi zinavyopenda kufanya, anaifunga na kusukuma kiti nyuma kwa kishindo kana kwamba anamfukuza mtu.

Alizipa majina, jinsi nadhani alivyowapa wanafunzi. Kulikuwa na Panzi, ambayo picha zake zilirukaruka. Kulikuwa na Mpambe, ambayo haingeweza kuonyesha hata ng'ombe bila kumwagia maua. Kulikuwa na Kinyozi, mkata vichwa. Moja iliandika yenyewe "Mwisho" kwa herufi za dhahabu kila slaidi zilipoisha, na hiyo hakuipa jina, aliniambia tu niitoe kwenye mashine zangu zote. Nikimwambia Mwalimu, hii si unaweza kuipangia sekunde, ananijibu kwamba ameshaipangia, na kwamba mtoto anayehitaji kuambiwa kila kitu hajafunzwa kwao. "Ina akili," alisema kuhusu moja ya bei ghali, "lakini haina adabu." Nitasema ukweli, alinichosha. Kuna siku nilimwona akivuka barabara na kiondo chake nikajifanya naongea na simu.

Lakini ukali wake ulikuwa na mahali ulikotoka, na mahali penyewe ni Ndabibi. Alikufa mkulima mmoja kule, mtu wa maboma mawili, na jamaa wakamwita Mwalimu. Akaziweka picha kwenye programu ya bure ambayo baadaye aliiita Mchoyo. Alipokuwa akiijaribu nyumbani stima zikapotea katikati, na kwa vile sehemu aliyoiona ilikuwa nzuri akaona inatosha. Hakujua kwamba programu hiyo ya kuonja inakupa dakika chache, kisha inasimama na kukuambia ununue.

Basi chini ya hema, watu wamejaa hadi kwenye ua wa jirani, marehemu akapita akiwa kijana, akaoa mke wa kwanza, akazaa, akajenga, akanunua trekta, na pale alipokuwa anaanza kuoa mara ya pili, picha zikakatika. Yakaja maneno ya kununua. Mke mdogo alikuwa ameketi mbele na watoto wake, wote wamevaa nguo mpya, wanajingoja. Walingoja hadi ikawa wazi kwamba hawaji. Yule mama akasimama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kumbe mnamzika nusu." Ndugu za boma kubwa wakaanza kunong'ona, ndugu za boma dogo wakaanza kusimama, na mchungaji akaanzisha wimbo ambao hakuna aliyeupokea.

Mwalimu akaenda mbele akachukua kipaza sauti. Akasema hawa hawakukatwa na mtu, wamekatwa na mashine, na mashine hiyo aliichagua yeye, na hakuiangalia hadi mwisho. Kosa ni lake. Kisha akaifunga ile programu, akaweka laptop juu ya meza ya maua, akaanza kuzifungua zile picha zilizobaki moja moja kwa mkono wake. Kila moja ilipotokea alimgeukia mke mdogo, na mke mdogo akasema ni nani huyo na ilikuwa wapi. Hakuna muziki, hakuna kitu. Walifika hadi kitinda mimba. Mpaka leo watu wa kule wanasema hayo ndiyo mazishi pekee waliyowahi kuyaona yakimalizika.

Yeye hakuyaona hivyo. Wiki iliyofuata alirudi Ndabibi na sukari na majani ya chai, akaketi na yule mama mchana kutwa, na tangu hapo wakawa wanatembeleana kama mtu na dada yake. Kuhusu programu za kuonja alikuwa na methali moja tu, na kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa aliimalizia njiani: "Nguo ya kuazima haisitiri, mnajua nini."

Methali nyingine alijitungia mwenyewe. Vijana wa kanisa walimlalamikia kwamba slaidi zake ni za polepole mno, watu wanachoka, picha moja inakaa mpaka mtu anahesabu vifungo vya shati. Akawaambia, "Usimharakishe mtu aliyeshafika." Wakacheka, lakini nimewasikia wakiitumia.

Sasa usidhani alikuwa mtu wa kukaa kimya kama maji ya mtungi. Yeye mwenyewe hakuwa anatulia. Akiketi, mguu unacheza. Akinywa chai kwangu, anapanga upya karatasi zangu kwa mkono mwingine. Na harusi! Zile zile programu alizozifukuza kwa sababu ya mtoto, za harusi alizikaribisha zote. Bibi harusi mmoja wa mtaa wa Rhonda aliwahi kuingia kwenye skrini akizunguka, akagawanyika vipande, akaunganika ndani ya moyo mwekundu, mvua ya maua ikimshukia, na Mwalimu yuko pale nyuma anapiga makofi. Nikamwambia leo Panzi ameokoka? Akanijibu kwamba harusi ni ya kuruka na matanga ni ya kukaa, na mtu asiyejua tofauti asiachiwe kompyuta.

Tena huyu mpenda picha hakupenda kupigwa picha. Ukimwelekezea simu anageuka, anainama, ghafla ana kitu cha kutafuta kwenye kiondo. Siku tulipomzika yeye, slaidi zake zilikuwa chache za kuaibisha, na nyingi zilikuwa mgongo wake. Tuliziacha zikae.

Kuna bibi mmoja wa Bondeni ambaye wazee wake walitoka pwani zamani. Aliporudi kutoka hija, wanawe walitaka picha za mapokezi ziwekwe pamoja ili jamaa wazione siku ya karamu. Wao mambo ya skrini kwenye maziko hawana, lakini hii ilikuwa furaha, wakamwomba Mwalimu. Akaweka wimbo chini yake, jinsi alivyozoea. Yule bibi akamwambia kwa upole, "Mwanangu, tuondolee muziki. Acha tuwaone." Mwalimu akauondoa. Alirudi kwangu akiwa mnyonge kidogo, akaketi, na kwa mara ya kwanza mguu wake haukucheza. Akasema yeye alidhani anawasaidia watu kulia, kumbe alikuwa anawafunika wasisikie. Kuanzia hapo akamjaribu mtoto bila wimbo.

Macho yake yalikwenda kidogo kidogo na aliyaficha. Kwanza alisogeza kiti. Kisha akaanza kuitazama skrini kwa upande, kama kuku anavyotazama nafaka, maana upande ndio ulikuwa umebaki. Alikuwa akijitilia dawa ya macho hapo hapo kwenye kiti, kichwa amekilaza nyuma, akiendelea kunigombeza kwamba feni yangu ina vumbi. Siku moja niliifunga ile picha kwa bahati mbaya nikiwa natafuta kitu kingine, naye akasema, "Hapo hapo, iache hapo hapo, imekaa vizuri." Skrini ilikuwa na rangi ya buluu tu. Niliirudisha polepole, nikaenda nyuma ya duka kwa muda.

Ndipo tukasikia habari za programu mpya ya simu inayofufua picha za zamani. Unaiwekea picha iliyofifia, inakurudishia imekuwa safi kama ya jana. Mwalimu ndiye aliyesema tuijaribu. Alifikiri uso ukikuzwa na kusafishwa, labda kile kipande cha jicho kilichobaki kitautosha. Alisema hivyo wazi, kwamba anataka kumwona mara moja tu kabla mlango haujafungwa, na kama ni lazima mashine isaidie, basi isaidie.

Tuliiweka. Ikafikiri kidogo, ikarudisha. Mimi nilisema imekuwa nzuri, na ilikuwa nzuri. Mashavu yanang'aa, kila jani la hindi linaonekana, mkono uliofifia sasa una vidole vyote vitano vimenyooka. Mwalimu akasogea. Akatazama kwa upande huu, akatazama kwa upande ule. Alitazama kwa muda mrefu mpaka wateja wawili waliingia wakatoka.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni yeye, Mwalimu. Wamemsafisha tu."

"Wamemwekea jino." Aliweka kidole kwenye kioo, juu ya mdomo. "Lile jino nililililia kabla sijamlilia yeye. Kama ana jino, si wangu."

Kweli, jino lilikuwepo. Mimi mwenye macho yangu mawili sikuliona. Nikaifuta ile picha mbele yake, nikamwonyesha kwamba ya kwanza ipo salama, ambayo yeye hakuweza kuiona. Alikaa pale ameshika kiondo na akalia, na sikuwahi kumwona akilia katika mazishi yoyote. Aliniambia anachoogopa si giza. Anaogopa kwamba giza likifika, mtu atamwekea mtoto yeyote mbele yake, amesafishwa, amepambwa, ana vidole na meno, naye atakaa pale akimshukuru. Nikamwahidi kwamba siku ya kumwonyesha nitamkagua mimi, jino, mkono na gumbuti, na kama kuna kitu kimeongezwa nitasema mbele za watu. Akanishika mkono kama siku ile ya skana. Hakuniambia asante, hakuwa mtu wa asante.

Baada ya hapo hakuja sana. Macho yakafunga, mpwa wake akahamia kwake kumwangalia, mimi nikawa napita jioni kumjulia hali. Nilidhani habari ya programu imekufa. Halafu Jumapili moja baada ya ibada mpwa akanipigia, akasema shangazi ameita watu, na anasema uje na macho.

Nilimkuta sebuleni ameketi amevaa rinda la Pasaka. Watu walikuwa wachache: yule mama wa Ndabibi, yule bibi wa Bondeni na mwanawe aliyemleta, na akina mama wawili wa kanisa letu. Chai ilikuwa imeshatoka. Laptop yake ilikuwa juu ya meza, imeunganishwa na televisheni kwa waya. Akaniuliza nimechagua programu gani. Nilikuwa nimewaza jambo hilo njia nzima. Nikamwambia sikuchagua yoyote, Mwalimu, nimezifunga zote, nitaifungua picha kwa mkono kama wewe ulivyofanya kule Ndabibi. Mama wa Ndabibi akasema hiyo ni sawa. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, akacheka kidogo puani, akasema miaka yote hii, na ilikuwa hapo hapo.

Nikaifungua. Akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliye mbele ya darasa.

"Jino?"

"Halipo."

"Mkono?"

"Umefifia, kama anatupungia."

"Hakuwa anapunga. Alikuwa anafukuza nzi. Gumbuti?"

"Zipo zote mbili. Za njano."

"Hizo zilikuwa zangu," akasema. "Alizichukua mlangoni."

Kisha akasimama, mpwa akamshika kiwiko, na akasema marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa mtu asiyependa kuvaa sweta. Alikuwa anamwogopa jogoo na hamwogopi ng'ombe. Alikuwa akiulizwa nani amemwaga maziwa anasema ni maziwa yenyewe. Akamaliza hapo, kwa kuwa hakukuwa na zaidi, mtoto hakukaa sana. Bibi wa Bondeni akamwombea dua kwa sauti ya chini, mama mmoja wa kanisa akafunga kwa sala, na hakuna aliyeimba.

Wageni wakaaga mmoja mmoja. Mpwa akaenda kuwasindikiza. Tukabaki sisi wawili, yeye kwenye kiti chake ameelekea televisheni, mimi kando ya meza. Akasema niiache ikae.

Ile laptop yake ilikuwa na tabia ambayo nilisahau: ukiiacha bila kuigusa, skrini inazima ili kulinda stima. Tulikuwa tumekaa kidogo tu nikaona televisheni imekuwa nyeusi. Mwalimu alikuwa bado ameielekea, uso umelegea, ana tabasamu dogo ambalo sikuwahi kuliona, anamwangalia mtoto wake. Nikanyoosha mkono nikaigusa kompyuta. Mtoto akarudi, na mahindi, na gumbuti. Ningeweza kuingia ndani ya mashine nikaikataza kuzima, lakini kwa hiyo ningelazimika kumfunika mtoto kwa muda, na sikutaka. Kwa hiyo niliketi pale nikiilinda. Ikizima, naigusa. Chai yangu ilipoa.

Nilikuwa nimegeuka kutazama mlangoni kama mpwa anarudi aliposema, "Bado yupo?"

Nikaangalia. Skrini ilikuwa imezima. Nikaigusa, nikangoja mpaka akatokea mzima, kuanzia kichwani hadi miguuni, na lile pengo na ule mkono, ndipo nikamjibu.

"Yupo, Mwalimu."

"Ametulia?"

"Mkono tu ndio haujatulia."

"Huyo ndiye," akasema.